Ua la sala limehamia Dodoma, ncha zinakauka

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mwaka jana nilihamishiwa Dodoma kikazi nikitokea Dar es Salaam, nikaja na ua langu la sala, lile lenye majani ya kijani na mishipa myekundu, ambalo jioni hunyanyua majani kama mtu anayeomba. Kule Mbagala lilistawi hadi likawa linamwagika nje ya chungu. Hapa Dodoma, eneo la Kisasa, ncha za majani zimekuwa kahawia na kukauka kama karatasi, mengine yanageuka njano, na siku hizi usiku hayasimami sawasawa. Nalimwagilia kila asubuhi maji ya bomba na kulinyunyizia majani mara mbili kwa siku. Mwezi uliopita nililiwekea kijiko cha urea nikidhani lina njaa. Liko sebuleni, dirisha la magharibi. Nakosea wapi? Halafu mwanangu wa mwaka mmoja na nusu juzi alitafuna jani lake, je, lina sumu?

JIBU: Marahaba, mama. Nianze na mtoto, ua linaweza kusubiri. Maranta, ndilo jina la kitaalamu la ua lako la sala, haina sumu, si kwa mtoto wala kwa paka. Kinachonitia wasiwasi ni ile urea iliyobaki kwenye udongo, kwa hiyo vidole vinavyochimba chungu ndivyo vya kuviangalia. Na kama hapo sebuleni unalo lile ua la majani mapana yenye madoa meupe, dieffenbachia, lipandishe juu kabisa asikofika. Utomvu wake huchoma mdomo na kuvimbisha ulimi.

Sasa tuje kwa mgonjwa. Nina kitalu hapa mjini, na ikifika Agosti wananijia watu na vyungu vya namna hiyo, wengi wao wamehamia kama wewe, na karibu wote wana kauli moja: "Lakini mbona namwagilia kila siku?" Hapo ndipo penye shida. Maranta za Dodoma ninazoletewa ni chache sana zilizokufa kwa kiu. Zilizo nyingi zimekufa kwa chumvi, na chumvi yenyewe imetiwa na mwenye ua, asubuhi moja baada ya nyingine, kwa mapenzi mema kabisa.

Kwao ni Brazili, chini ya miti mikubwa ya msituni, kwenye kivuli, hewa nzito ya unyevu na maji ya mvua. Dar haikuwa mbali na hali hiyo. Hapa tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mvua yetu karibu yote inanyesha kati ya Desemba na Aprili, na miezi inayobaki ni upepo na vumbi. Tena sehemu kubwa ya maji ya mji huu yametoka kwenye visima vya bonde la Makutupora. Maji ya kisima hukaa kwenye miamba na udongo yakiokota madini. Sisi tunayanywa bila shida, ila chungulia ndani ya birika lako uone ule ukoko mweupe.

Ukitaka kuamini, tafuta kipande cha kioo kisafi au sahani nyeusi. Dondosha tone la maji ya bomba, na pembeni yake tone la maji yanayochuruzika kwenye mpira wa kiyoyozi cha ofisini. Anika juani dakika chache. La bomba litaacha duara jeupe ambalo ukilikwangua kwa ukucha linatoka unga. La kiyoyozi litaacha alama hafifu, pengine usiione kabisa. Sasa fikiria duara lile likijirudia siku 300, ndani ya chungu cha lita mbili.

Mmea unakunywa maji, chumvi nyingi inabaki kwenye udongo. Wewe unamwagilia kidogo kidogo kila siku, maji hayafiki chini na kutoka, yanaishia kupanda juu na kukauka. Angalia ukingo wa chungu na uso wa udongo: ukiona utando mweupe au wa rangi ya kutu, ndio huo. Chumvi ikishakuwa nyingi, mizizi inashindwa kuvuta maji hata kama udongo umelowa chepechepe, na ile kidogo inayopenya inasafirishwa na maji hadi mwisho wa safari, kwenye ncha ya jani. Maji yanatoka hewani, chumvi inabaki palepale na kuunguza. Ndiyo maana zinaanza ncha, kisha kingo. Urea nayo inaongeza chumvi juu ya chumvi. Ua lililokuwa limeshiba likalazimishwa kula tena.

Hapa kuna ushauri mmoja unaozunguka sana: laza maji kwenye ndoo usiku kucha ndipo umwagilie. Kulaza kunaondoa klorini, basi. Chumvi haipai kwenda popote. Kuchemsha nako hakuisaidii maranta, maana maji yanapungua na chumvi iliyoyeyuka inabaki humo humo, na mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kuua chungu kizima cha maranta kwa maji yaliyochemshwa mara mbili "yawe safi".

Kwanza litoe ua kwenye chungu. Pindua, gonga kitako kwa kiganja, lishike kwa shina likitoka. Mizizi mizima ni myeupe au ya rangi ya krimu na inakatika kwa mlio. Iliyooza ni ya kahawia, ukiivuta ganda linavuka linabaki uzi, na inanuka kama maji ya mfereji. Kwa majani yako ya njano na umwagiliaji wa kila siku, natarajia utaikuta ya aina zote mbili. Iliyooza kata yote kwa mkasi uliofutwa kwa spiriti.

Kama zaidi ya nusu ya mizizi ni mizima na udongo bado una matundu, unaweza kuusafisha tu: rudisha ua, weka chungu juu ya matofali mawili, kisha mimina polepole maji yasiyo na chumvi, mara tatu hadi nne ya ujazo wa chungu. Chungu cha lita mbili kitataka lita sita mpaka nane. Najua Dodoma kumwaga maji ni kama kumwaga unga, basi kinga na beseni, yanayotoka mpe bogenvilia wa nje, haoni shida. Lakini kama udongo ni ule mwekundu wetu ulioshikamana kama tofali, usihangaike kuuosha, badilisha. Mimi nachanganya mafungu mawili ya mboji iliyooza vizuri, fungu moja la mchanga wa korongo uliooshwa hadi maji yatoke meupe, na fungu moja la maganda ya mpunga yaliyochomwa. Samadi ya zizini usiitumie, ile nayo ina chumvi yake. Na chungu kiwe na matundu chini. Vile vyungu vya urembo visivyo na tundu ni makaburi.

Baada ya hapo, maji gani? Mvua bado hazijaanza, kwa hiyo kwa sasa tumia ya kiyoyozi, au maji ya kunywa ambayo lebo yake inaonyesha jumla ya madini yaliyoyeyuka chini ya miligramu 100 kwa lita. Desemba ikifika kinga ya bati. Manyunyu ya kwanza yaache yaoshe vumbi la paa, kinga yanayofuata. Watu hudhani wanahitaji tenki kubwa. Tupige hesabu: nusu lita kila siku tano, kuanzia Mei hadi mwisho wa Novemba, ni mara 42 au 43, yaani lita 21 hivi. Dumu moja la lita 20 na chupa ya lita moja na nusu, limemaliza kiangazi kizima. Lifunge vizuri mbu wasizalie humo, na liweke gizani lisiote ukijani.

Hizo siku tano si sheria. Chomeka kidole mpaka kiungo cha kwanza, ukisikia ubichi acha, ukisikia pamekauka mwagilia mpaka maji yatoke chini, dakika 15 baadaye mwaga yaliyobaki kwenye kisahani. Mbolea sahau kabisa kwa miezi mitatu.

Dirisha la magharibi ni baya, jua la saa tisa alasiri la Dodoma linababua. Lisogeze dirisha la mashariki, jua la asubuhi likiisha haraka halina neno, au lirudishe ndani mita moja na nusu nyuma ya pazia jepesi. Kaskazini na kusini huku kwetu hubadilishana. Katikati ya mwaka jua liko upande wa kaskazini na Desemba liko kusini, kwa hiyo dirisha lililokuwa na kivuli Juni linaweza kuwa na jua Desemba. Juni na Julai usiku liondoe dirishani na sakafuni kwenye vigae. Chini ya nyuzi 15 hivi linadumaa, na usiku wa Dodoma miezi ile unashuka hapo bila kubisha hodi.

Kuhusu kusali. Pale jani linapoungana na kikonyo kuna kauvimbe kadogo, kama goti. Seli za upande mmoja zikijaa maji na za upande wa pili zikipungukiwa, jani linanyanyuka. Asubuhi zinabadilishana linashuka. Kifauwongo, kile ulichochezea utotoni ukikigusa kinajikunja, kinatumia goti la namna hiyo hiyo. Mwaka 1729 Mfaransa Jean-Jacques d'Ortous de Mairan alifungia mmea wa jamii ya kifauwongo gizani, ukaendelea kufungua na kufunga majani kwa saa zake, na baadaye ikaonekana mmea una saa yake ndani. Lakini saa hiyo inahitaji kurekebishwa na mchana na usiku wa kweli, na magoti yanahitaji maji. Mizizi ikiwa mibovu nguvu ya kunyanyua haipo. Taa ya sebuleni ikiwaka mpaka saa sita za usiku nayo inalichanganya. Tibu mizizi kwanza. Kama wiki sita baadaye halijarudia, ndipo tuilaumu taa.

Kunyunyizia majani mara mbili kwa siku acha. Unyevu wake hapa kwetu unadumu dakika chache, halafu maji ya bomba yanaacha vidoti vyeupe juu ya majani. Kinachofanya kazi ni mtungi wa udongo: weka chungu cha plastiki ndani ya mtungi mkubwa usiopakwa rangi, jaza mchanga katikati, ulowanishe mchanga huo. Hapo maji ya bomba ruksa, hayagusi mizizi. Mtungi unatoa jasho siku nzima na ua linakaa kwenye hewa yake. Septemba hadi Novemba ndio wakati wake, miezi ya baridi liondoe humo. Vumbi futa kwa kitambaa kibichi kila wiki, na ukifuta geuza jani: vidoti kama unga wa pilipili vinavyotembea na utando mwembamba ni utitiri, unapenda sana ukavu. Unaoshwa kwa maji na sabuni kidogo ya kipande, kila baada ya siku nne, mara tatu, kisha suuza.

Kabla hujaanza yote haya, kata vipande viwili vizima vya shina, chini kidogo ya kifundo, pale jani linapotokea, vitie kwenye glasi ya maji ya kiyoyozi mahali penye mwanga usio wa jua. Mama akifariki mezani, watoto wapo.

Ncha zilizokauka hazitapona, zipunguze kwa mkasi ukifuata umbo la jani, ukiacha uzi mwembamba wa kahawia usikate kwenye kijani. Usihukumu kwa majani ya zamani. Subiri lile jani jipya linalotoka limejiviringa kama sigara. Likifunguka na ncha yake ikabaki laini na ya kijani kwa wiki mbili, maji uliyochagua ndiyo. Likifunguka tayari limeungua, nipigie picha ya mizizi unitumie.