Kabla ya Kumkabidhi Fundi Nyumba Yako

Rangi ya ukuta wa chumba changu cha kulala ilianza kututumka miezi mitano baada ya bafu la upande wa pili kukamilika. Nilidhani ni unyevu wa msimu, nikaikwangua na kupaka nyingine, lakini doa lilirudi likiwa pana zaidi, na plasta ikawa inameguka kwa kidole. Fundi aliyejenga bafu hilo hakupokea tena simu zangu. Vigae vyake vilikuwa vimenyooka na mistari imelingana, na uzuri huo ndio ulionifanya nimlipe fedha zote siku aliyomaliza, bila kuuliza kilichokuwa chini yake.

Fundi wa pili, mtu mzima niliyeelekezwa na jirani, hakuanza kwa nyundo. Aliniomba tufunge koki zote za nyumba, kisha tukainama mbele ya mita ya maji. Kigurudumu chake kidogo kiliendelea kuzunguka polepole, ilhali hapakuwa na tone lililokuwa likitumika. Akanieleza kwamba maji yanapotea kwenye bomba linaloleta maji safi, na kwamba mita ingetulia angeanza kutafuta kwenye njia ya maji machafu. Baada ya hapo akagonga vigae kwa kifundo cha kidole, kimoja baada ya kingine, akivisikiliza, na vile vilivyolia kama kitu chenye uwazi ndani akavitia alama ya chaki, kwa kuwa havikushikwa vizuri na saruji. Alibomoa mahali padogo tu, tukakuta kiungo cha bomba la plastiki kilichopakwa gundi nusu ya mzunguko wake.

Tangu siku hiyo ninaamini kwamba uaminifu wa fundi hupimwa katika kazi itakayofukiwa. Ndiyo maana picha za kwenye simu hazinitoshi tena: picha huonyesha uso wa kazi, na pengine kazi yenyewe ni ya mtu mwingine. Naomba kuzungumza na mtu aliyefanyiwa kazi mwaka mmoja au miwili iliyopita, kisha namuuliza fundi swali moja: utaipimaje kazi hii kabla ya kuifunika? Fundi bomba anayejua kazi yake atasema kwamba atajaza maji kwenye mabomba kwa shinikizo na kuyaacha kwa muda kabla ya kupiga plasta. Wa sakafu ya bafu ataziba tundu la kutolea maji, aijaze sakafu maji na kuiacha saa 24. Wa zege atakwambia nani atakayeimwagilia kwa siku 7 angalau, maana zege iliyoachwa ikauke haraka hupoteza nguvu na kupasuka. Wa umeme atakuonyesha waya wa ardhini kabla ya kufunga soketi. Fundi mwenye ujuzi hachukizwi na maswali haya. Mara nyingi hufurahi kuulizwa.

Kuhusu malipo, toa kwa hatua, na kila hatua iishie kwenye jambo linaloonekana, kama vile kupimwa kwa mabomba. Vifaa nunueni pamoja.

Lakini lazima niseme pia kwamba sisi wenye nyumba tuna sehemu yetu katika uhaba wa mafundi wazuri. Tunambana fundi bei mpaka inapungua chini ya gharama ya kazi nzuri, naye anafidia kwa kupunguza saruji au kuruka hatua. Tunamtaka amalize kesho, naye anafunika kiungo ambacho gundi yake haijakauka. Kijana aliyepaswa kukaa miaka kadhaa chini ya fundi mkuu, akibeba vifaa na kutazama, anaona kwamba anayelipwa ni mwenye bei ndogo na mwenye haraka, basi anaondoka baada ya miezi michache na kujiita fundi. Namwelewa, ingawa nyumba anazozigusa ndizo zinazoumia. Waliobaki wanaojua kazi wana foleni ndefu ya wateja.

Paa langu sasa linahitaji kurekebishwa, na fundi yule mtu mzima amenipendekezea mwenzake anayemwamini. Ameniambia nafasi yake itapatikana baada ya wiki sita. Nimeweka ndoo chini ya tone, na ninamngoja.