Shangazi, mguu unaniuma na ugonjwa hauna jina

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 47. Tangu mwaka jana kigimbi cha mguu wa kushoto kinakaza nikitembea. Nikisimama kidogo kinaachia, nikiendelea kinarudi. Daktari alinipapasa mguu akasema mapigo ya damu ni hafifu, akaniandikia rufaa kwa bingwa wa mishipa ya damu. Miadi yangu ni miezi mitatu ijayo. Siku hizi maumivu yananiamsha usiku, yako kwenye vidole, mpaka niuning'inize mguu nje ya kitanda ndipo nipate nafuu. Nameza diklofenaki kila siku. Wifi yangu amenipa soksi za kubana, bado sijazivaa. Mume wangu si mtu mbaya, lakini juzi aliniuliza, "Kama ni ugonjwa, mbona hauna jina?" Nimeanza kujiuliza kama najitungia maumivu.*
*— Mwenye Kusubiri*

Marahaba, mwanangu.

Umeniuliza kuhusu mumeo, na nitakujibu. Lakini katikati ya barua yako kuna jambo umelipitia haraka ambalo limenishtua: hayo maumivu ya usiku.

Maumivu yanayokuja ukitembea na kuondoka ukisimama ni jambo moja. Misuli inayofanya kazi inadai damu nyingi, na ateri, yaani mshipa unaotoa damu moyoni, ikijibana haiwezi kuileta. Ukipumzika, deni linalipwa. Mguu unaouma ukiwa umelala, usiofanya kazi yoyote, ni habari nyingine kabisa. Maana yake inaweza kuwa damu haitoshi hata kwa mahitaji ya mguu uliotulia. Ukilala, mguu uko usawa mmoja na moyo. Ukiuning'iniza, uzito wa damu yenyewe unaisaidia kushuka hadi vidoleni, ndiyo maana unapata nafuu. Hakuna aliyekufundisha kufanya hivyo. Mwili umejitafutia njia. Basi usiniambie tena kwamba unajitungia.

Jina la ugonjwa sikupi, hiyo ni kazi ya vipimo. Neva, yaani mishipa ya fahamu, zilizobanwa mgongoni nazo huleta maumivu ya kutembea, ila mara nyingi hayo hutulia mtu akikaa au akiinama mbele. Vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, zikichoka hufanya mguu uwe mzito na uvimbe kufikia jioni, na hupoa ukiuinua. Wako unafanya kinyume.

Na daktari aliyekuandikia rufaa, je, alijua habari za usiku? Kwa jinsi ulivyoeleza, zilianza baadaye. Kama ni hivyo, miezi mitatu ulipangiwa mgonjwa mwenye hali nyepesi kuliko yako ya leo. Usiisubiri tarehe hiyo. Rudi kesho kwa daktari huyohuyo, umwambie bila kuzunguka: "Sasa mguu unauma hata nikiwa nimelala, naamka usiku, nafuu naipata nikiuning'iniza. Naomba rufaa yangu iwe ya haraka." Huko si kusumbua watu. Ni taarifa mpya, na inabadilisha uzito wa rufaa yako.

Ukiwa hapo, uliza kama wanaweza kukupima presha ya kifundo cha mguu na ya mkono. Kipimo hiki hakiumi: wanatumia mkanda wa presha na kifaa kidogo cha dopla kinachosikiliza damu ikipita. Presha ya kifundo inagawanywa kwa ile ya mkono, na jibu likiwa chini ya 0.90 linaashiria ateri za mguu zimejibana. Mara nyingi hakihitaji kumngoja bingwa. Kama una kisukari, waambie, kwa sababu mishipa iliyokakamaa inaweza kutoa jibu linaloonekana zuri ilhali hali si nzuri, na hapo hupimwa presha ya kidole cha mguu. Damu nayo ipimwe sukari, kolesteroli na kazi ya figo.

Soksi za wifi yako ziweke kando. Najua amekupa kwa upendo, na kwa mwenye shida ya vena zingeweza kumfaa sana. Lakini mguu ambao tayari una njaa ya damu, ukiubana unaweza kuuumiza zaidi, hata kufanya ngozi ife. Zisivaliwe kabla ya kipimo. Vivyo hivyo usiukande mguu huo kwa maji ya moto hata ukiwa baridi kiasi gani, maana mguu usiopata damu vizuri unaweza kuungua bila wewe kuhisi.

Diklofenaki inanitia wasiwasi kuliko soksi. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilitangaza kwamba isitumiwe na watu wenye matatizo makubwa ya moyo na ya mzunguko wa damu, kwa sababu inaongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Ukiimeza kila siku, tumbo na figo navyo vinaweza kuumia. Lakini sikuambii uitupe na kubaki unaugulia. Mwambie daktari unachomeza, kisha mdai mbadala. Maumivu yana haki ya kutibiwa leo, hata kama chanzo chake kitajulikana baadaye. Parasetamoli ni mahali pa kuanzia kwa wengi, isizidi gramu 4 kwa siku kwa mtu mzima, na ipungue zaidi kwa mwenye ini dhaifu au mwili mdogo. Isipotosha, sema haitoshi. Kama unavuta sigara, hukusema, hilo liache kabla ya mengine yote.

Kuna hali ambazo hazingoji kesho. Mguu ukiuma ghafla kwa nguvu, ukapauka, ukawa baridi na ganzi, au ukashindwa kuchezesha vidole, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Hapo uhai wa mguu unahesabiwa kwa saa. Kidonda kisichopona au kidole kinachogeuka cheusi, nenda siku hiyohiyo.

Sasa mumeo. Swali lake linaumiza, lakini nimesoma ndani yake hofu zaidi ya dharau. Watu wengi hawajui wamhurumie vipi mgonjwa ambaye karatasi yake haina jibu, hivyo wanaanza kumhoji mgonjwa mwenyewe. Usibishane naye kwa maneno. Mwombe aishike miguu yako yote miwili kwa mikono yake, alinganishe joto. Tembea naye, na kigimbi kikikaza usijikaze, simama, aone unasimama wapi. Kisha mpe kazi: aandike kwenye daftari umetembea umbali gani kabla ya maumivu, yamechukua dakika ngapi kutulia, umeamka mara ngapi usiku. Daktari atalihitaji daftari hilo. Na mwanamume anayeandika "saa nane, ameamka tena" kwa mkono wake mwenyewe hatauliza tena kama ni kweli.

Nenda naye kesho. Mkiambiwa mngoje tarehe ileile, ombeni daktari aandike kwenye faili lako kwamba umemweleza maumivu ya usiku, na awaambie ni kwa nini ameona yanaweza kungoja.

Shangazi