Maswali na Majibu: Chujio la hewa la kubebeka na kikwazo cha "hilo ni dhahiri"

Nimeunda kifaa cha kuvaa shingoni chenye feni, chujio la HEPA na mkaa amilifu. Mkaguzi wa hataza (haki ya kisheria inayolinda uvumbuzi) amekataa ombi langu, eti ni jambo la dhahiri. Mbona hakuna aliyewahi kutengeneza kama hiki?

Upya ni swali moja, udhahiri ni jingine. Mkaguzi hakusema kifaa chako kilikuwepo. Anasema fundi wa kawaida wa fani yako, aliyesoma yote yaliyokwisha kuchapishwa, angekifikia bila kuumiza kichwa. Feni huvuta hewa, HEPA hunasa asilimia 99.97 ya chembe za mikroni 0.3, mkaa hunasa gesi na harufu. Kila kimoja kinafanya kazi ileile kiliyoizoea. Mwaka 2007, katika kesi ya KSR dhidi ya Teleflex, Mahakama ya Juu ya Marekani iliiangusha hataza ya kanyagio la gari kwa hoja kama hiyo: kanyagio linalorekebishika lilijulikana, kihisi cha elektroniki kilijulikana, na kuviunganisha hakukuhitaji uvumbuzi.

Basi vitu vya zamani vikiunganishwa havipati hataza kamwe?

Hupata. Mwaka 1966 mahakama hiyohiyo iliiacha isimame hataza ya betri ya Adams, ya magnesi na kloridi ya shaba, inayoamshwa kwa maji tu. Viambato vyote vilijulikana, lakini maandiko ya wakati ule yalimkatisha mtu tamaa asijaribu, na wataalamu walipoonyeshwa betri hawakuamini.

Hapo ndipo pa kuchimba. Chujio zito hubana hewa. Feni ndogo ikilazimishwa hupiga kelele na kumaliza betri. Kama umeumaliza mvutano huo kwa njia ambayo fundi asingeitarajia, njia hiyo iandike ndani ya madai yenyewe, yaani sehemu ya ombi inayotaja hasa unachotaka kilindwe, kisha lete vipimo. Ombi linalosifu hewa safi kurasa kumi na kugusia umbo la mfereji wa hewa kwa sentensi moja limejichongea.

Kukifanya kidogo kiingie mfukoni hakutoshi?

Kwa kawaida hakutoshi.

Kinauzika sana. Je, mauzo ni ushahidi?

Ni ushahidi, ila uonyeshe kwamba wanunuzi walifuata kile ulichovumbua. Wakili wa upande wa pili atasema walifuata rangi na matangazo, na mara nyingi huwa na hoja.