Maiki kwenye chombo cha angani: sponji peke yake haikusaidii

Mkuu, umeuliza waliopeleka maiki sayari ya Mars wanafanyaje isinase mtetemo wa chombo chenyewe, na kama sponji itatosha kwenye puto lenu la anga za juu. Mimi si mtu wa roketi, narekodi sauti tu, lakini sponji nimeshapigana nayo.

Mwaka juzi nilifunga maiki kwenye bajaji nirekodi kelele za mtaani. Nikaiviringishia sponji nene. Nyumbani nasikiliza: injini tupu! Kumbe kitu kilichoning'inizwa kina mdundo wake wa asili, yaani mara ngapi kwa sekunde kinatikisika kikiachwa chenyewe, na kinga huanza pale tu mtetemo unapozidi mdundo huo kama mara 1.4. Mdundo ukilingana na mtetemo, unauongeza badala ya kuupunguza. Maiki ni nyepesi, hivyo kwake sponji ni ngumu kama ubao, mdundo unabaki juu. Nikaifunga kwenye kipande cha chuma iwe nzito, nikaining'iniza kwa mipira ya manati. Injini ikashuka sana. Muungurumo uliobaki ulinisumbua siku mbili nzima, mwisho nikagundua ni waya: ulikuwa umekazwa, unavusha mtetemo kama daraja. Nikaulegeza kwa kitanzi, basi.

Angani ni kazi zaidi. Ukitaka mdundo wa mara 5 kwa sekunde, springi inatakiwa ilegee hadi ishuke milimita 10 hivi kwa uzito wa hapa duniani. Kitu kilegevu hivyo, roketi ikipaa, kitajigonga hadi kivunjike, kwa hiyo lazima kibanwe kwanza, kiachiwe baadaye. Na mpira wa kawaida ukipata baridi kali unakakamaa. Kinga yote imekwenda.

Halafu Mars shinikizo la hewa halifiki hata 1% ya letu. Sauti ya hewani ni hafifu, ila chuma kinapitisha mtetemo kama kawaida. Sikiliza Perseverance, gari la NASA lililoko huko Mars, likitembea, Machi 7, 2021: magurudumu yanagonga na kukwaruza balaa. Lakini Aprili 30 likiwa limeegeshwa, maiki ya juu ya mlingoti ilinasa pangaboi za helikopta ya Ingenuity umbali wa mita 80, mapigo 84 kwa sekunde. Kuzima kelele ni kinga pia, tena ya bure.

Puto halina injini, shukuruni. Waya wenu ni wa aina gani? Kama ni ule mnene wa jukwaani, anzeni na huo kabla hamjanunua sponji.