Paka na Kuku Katika Ua Mmoja: Mtazame Ncha ya Mkia

Vifaranga wangu watatu wa kwanza waliliwa na paka niliyemlea mwenyewe. Niliingia ndani kuchukua maji bila kutia komeo la banda. Niliporudi, koo alikuwa ametanua mabawa akipiga kelele, na paka yuko juu ya ukuta na manyoya ya njano mdomoni. Nilimchapa, na hapo nikaongeza kosa juu ya kosa. Tangu siku ile alinikimbia mimi, ila kuku aliendelea kuwanyemelea kila nilipogeuza mgongo.

Kuku mkubwa kwa kawaida si tatizo. Paka akishadonolewa puani mara moja na mtetea, humpisha njia. Hatari ni kifaranga: mdogo, analialia, anakimbiakimbia, na paka akimwona hivyo damu ya uwindaji inamchemka. Ndiyo maana siku hizi vifaranga wangu hukaa ndani ya wavu mpaka watimize wiki 12 hivi, miili imejaa. Chagua wavu wenye matundu madogo, ya sentimita 1.3 hivi. Ule wenye matundu makubwa humzuia kuku asitoke, lakini mguu wa paka unapenya.

Paka wangu wa sasa nilimfundisha taratibu. Kuku ndani ya wavu, paka nje, nami nimeketi kando na vipande vya samaki, dakika 10 asubuhi na 10 jioni. Siku ya kwanza alilala kifudifudi akatulia tuli kama jiwe, masikio mbele, mboni zimetanuka. Kilichocheza ni ncha ya mkia tu, kushoto, kulia, kushoto. Hapo ndipo pa kumwahi. Nilimwita jina kwa sauti ya chini, na alipoondoa macho kwa kuku kunitazama, nikampa samaki papo hapo. Ukisubiri mpaka makalio yaanze kutikisika umechelewa, anaruka.

Wiki ya tatu akawa anamtazama kuku kisha ananigeukia mwenyewe. Ndipo nikawafungulia kuku, paka nikiwa nimemfunga kamba ya kifuani, na baada ya siku kadhaa bila kamba, nikiwa palepale.

Mlishe kabla ya zoezi na umchezeshe kamba achoke kidogo, lakini usidanganyike na shibe: paka aliyeshiba bado anawinda, hasa alfajiri na magharibi. Kama unatafuta paka mpya, bora aliyezaliwa penye kuku, kwa sababu kati ya wiki ya 2 na ya 7 ndipo paka mchanga hujifunza nani wa kuzoeana naye. Usimpe matumbo mabichi ya kuku. Na shimo la vumbi wanalojiogeshea kuku lifunike usiku, la sivyo litageuka choo chake.

Kuku akiumwa na paka, hata tundu likiwa dogo kama la sindano, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Mdomo wa paka una bakteria wanaoweza kumuua ndege haraka, hata kama kidonda hukioni.

Juzi koo ameanza kuatamia tena, mayai tisa. Siku 21 si nyingi, na komeo jipya nimeshalipigilia.