Ruti kanali imefeli, kipele cha usaha kimerudi: kabla hujang'oa soma yaliyonikuta

Mkuu uliyeuliza, nimekusoma vizuri. Gego la juu ulilifanyia ruti kanali, yaani kusafishwa na kujazwa mizizi kwa ndani, miaka minne iliyopita, sasa kuna kipele cha usaha kwenye fizi, daktari kasema ling'olewe, shemeji yako naye anasema jino lililokufa linamwaga sumu mwilini, na wewe unataka kujua kama linaweza kutibiwa mara ya pili na kama inauma. Linaweza. Mimi lilinikuta hilo hilo, gego la juu kushoto, wenyewe wanaliita namba 26, na mpaka leo ninalo na ninatafunia. Nitaandika kwa kirefu maana wakati wangu sikupata mtu wa kunieleza.

Ya kwanza nilifanyiwa 2019 kwenye kliniki moja hapa Dodoma. Siku moja tu, kama dakika arobaini nikawa nimemaliza, mate yanajaa natema narudi kukaa, picha ilipigwa moja tu kabla ya kuanza na baada ya hapo hakuna nyingine. Juu wakajaza ile dawa nyeupe ya kuzibia, nikauliza kuhusu krauni, ile kofia ya jino, nikaambiwa si lazima. Maumivu yaliisha, nikaenda zangu nikafurahi.

Likakaa kimya miaka mitatu. Mwishoni mwa 2022 nikaanza kuhisi nikiuma kitu kigumu kama jino limerefuka kidogo kuliko wenzake, halafu asubuhi naamka na ladha ya chumvichumvi mdomoni, harufu nayo ipo, mke wangu ndiye aliyeniambia. Nikaangalia kwenye kioo na tochi ya simu nikakiona, kipele kama punje ya mchele juu kidogo ya jino. Kinajaa, kinapasuka, kinanywea, baada ya wiki tatu hicho hapo tena. Nikawa nakwenda duka la dawa nachukua amoksilini na flajili, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Kila nikimeza kinapotea na kila dozi ikiisha kinarudi.

Hapa mkuu naomba unisikilize sana. Antibiotiki inasafiri kwa damu, na jino lililotolewa mshipa ndani halina damu. Kwa hiyo dawa inatuliza huku nje kwenye mfupa na fizi lakini wale wadudu waliojificha ndani ya mzizi haiwagusi kabisa, ukimaliza dozi wanaanza upya. Na usidanganyike kwa sababu kipele hakiumi. Hakiumi kwa kuwa usaha umepata pa kutokea, hakuna presha, lakini huko juu kwenye ncha ya mzizi mfupa unaendelea kuliwa polepole.

Daktari niliyemwendea baada ya hapo alitazama kwa macho tu akasema tung'oe, elfu ishirini, leo leo. Mama yangu naye kwa simu, "Mwanangu ling'oe upumzike." Ningekubali, ila mwaka 2011 niliwahi kung'oa gego la chini kulia na nimeona matokeo yake: la nyuma limelala mbele kuziba pengo, la juu yake limeshuka, chakula kinanasa kila siku. Sikutaka na upande wa kushoto uwe hivyo. Nikaomba siku mbili nifikirie, mwalimu mwenzangu akanielekeza kwa dada mmoja daktari ambaye kazi yake kubwa ni hiyo hiyo ya mizizi.

Huyu dada swali lake la kwanza halikuwa "ling'oke au libaki", aliuliza "kwa nini lilifeli?" Hiyo ndiyo tofauti yote. Akachukua kijiti chembamba cha gata pecha, ule mpira laini wanaojazia mizizi, akakiingiza taratibu kwenye tundu la kipele mpaka kikagoma chenyewe, hakikuuma, kilikuwa kinatekenya tu, halafu akapiga eksirei kikiwa humo humo. Kwenye picha kile kijiti kinaonekana kama mstari mweupe umepinda kutoka kwenye fizi ukaenda kuishia kwenye ncha ya mzizi mmoja wa mbele, upande wa shavuni, na hapo kwenye ncha kuna kivuli cheusi cha duara. Akaniambia, "Mwalimu, mizizi miwili haina shida, ugonjwa uko hapa tu."

Akanieleza kwamba gego la kwanza la juu lina mizizi mitatu lakini mengi yana njia nne, yaani vijitundu vinavyopita ndani ya mizizi, huo mzizi wa mbele mara nyingi una njia mbili ndani na ya pili ni nyembamba sana, imejificha, ukitafuta kwa macho matupu kwa haraka unaikosa. Mimi zilijazwa tatu. Ya nne ilifungiwa na uchafu wake humo ndani miaka mitatu. Sababu nyingine alizonitajia ni kujaza kutofika mwisho wa mzizi, au mate kupenya chini ya kujaza kulikoanza kuvuja, ndiyo maana krauni ina maana kubwa kwenye gego. Inaukinga mlango wa juu na inazuia jino lisipasuke, maana hilo jino limeshatobolewa sana.

Kazi yenyewe ilichukua siku mbili zilizopishana wiki mbili. Ganzi kwanza, halafu akatandaza kile kiraba cha bluu mdomoni likabaki limechomoza jino moja tu, na hiki mkuu ukienda mahali hawana ondoka, maana wanasafisha wadudu huku mate yenye wadudu yanaingia, hapo wanasafisha nini sasa? Akatoboa juu, akalainisha ile gata pecha ya zamani kwa dawa, akawa anaitoa vipande vipande na zile sindano nyembamba za kukwangua. Alikuwa na miwani ya kukuza yenye taa. Ikafika mahali akasimama, akanipa kioo akaniambia niangalie kwenye sakafu ya jino: vitobo vitatu vya rangi ya chungwa, na pembeni ya kimojawapo kidoa cha kahawia kidogo kama alama ya ncha ya kalamu. Akagusa na sindano ikazama. Nilisikia harufu papo hapo, ile ile ya asubuhi.

Akaiosha kwa muda mrefu sana na klorini, ni jamii ya jiki lakini imepimwa kwa kazi hiyo, na kiraba ndicho kinachozuia isikuunguze mdomo. Urefu wa kila njia aliupima kwa kimashine kinacholia sindano ikikaribia mwisho wa mzizi, akahakikisha na eksirei. Mwisho akaweka dawa nyeupe, nikauliza ni nini akasema kalsiamu haidroksaidi, yaani chokaa iliyozimwa, ile tunayoijua siku zote ila safi ya hospitali. Ni kali kwa wadudu ndiyo maana inaachwa humo ndani wiki kadhaa. Akafunga kwa muda, nikaondoka.

Siku ya tisa napiga mswaki, nikapitisha ulimi pale juu, pako laini. Nikaenda kwenye kioo, kipele hakuna. Na safari hii sikuwa nameza antibiotiki yoyote.

Nikarudi akajaza njia zote nne, akaziba, baada ya wiki tatu nikavishwa krauni. Eksirei ya miezi sita kivuli kimepungua kama nusu, ya mwaka mmoja kimebaki kama ukungu tu mfupa umejaa. Usitegemee picha nzuri ndani ya mwezi, mfupa unajijenga taratibu, wengine miaka miwili au zaidi.

Gharama sitakuficha, ni kubwa. Nililipa laki mbili na themanini matibabu, krauni laki tatu na nusu, kwa mafungu, na hiyo ilikuwa 2023. Ukilinganisha na elfu ishirini ya kung'oa inauma, ila uliza pia bei ya kupandikiza jino bandia la skrubu ndipo uamue, mimi nilitajiwa mamilioni.

Sisemi kila jino linaokoka. Mzizi ukiwa umepasuka kwa urefu hilo ling'olewe, hakuna dawa. Likiwa linacheza sana, mfupa umekwisha, au juu ya fizi hakijabaki kitu cha kushika krauni, vivyo hivyo. Kuna na njia ya katikati, upasuaji mdogo wa kukata ncha ya mzizi kupitia kwenye fizi, hasa kama njia ya juu haipitiki. Lakini hayo yote yanajulikana kwa picha. Wewe umesema daktari wako hakupiga hata moja, sasa amejuaje?

Ila ukiona uvimbe unapanda kuelekea jichoni, au kwa wenye meno ya chini unashuka chini ya taya na shingoni, homa, mdomo haufunguki, kumeza au kupumua kwa shida, usisubiri asubuhi wala usisubiri mtu wa mizizi. Nenda hospitali kubwa usiku huo huo. Hiyo inaua.

Kuhusu shemeji. Hofu ya jino lililokufa kuleta magonjwa mwili mzima ilienezwa sana na daktari wa meno wa Marekani Weston Price miaka ya 1920, alikuwa anapandikiza meno yaliyong'olewa kwenye miili ya sungura, na waliokuja kurudia majaribio yake kwa uangalifu hawakupata alichokipata yeye. Jino lililosafishwa vizuri na kuzibwa si sumu. Lenye usaha, hilo kweli usiliache hivyo hivyo, hapo yuko sahihi.

Maumivu sasa. Kwenye kiti hakuna, mshipa ulishatolewa zamani na ganzi ipo, shida ni taya kuchoka kwa kukaa wazi saa nzima na nusu. Nyumbani siku ya pili ndiyo ilikuwa mbaya, jino likigusana na la chini tu nasikia, nikameza ibuprofeni baada ya chakula. Siku ya nne nilikuwa darasani nafundisha kama kawaida, nyama nikiitafunia kulia. Kushoto nilianza tena baada ya krauni. Picha yako ikitoka iweke hapa, au kama ile ya zamani unayo weka zote mbili, na ukienda kwa daktari mwingine zibebe zote.