Presha ya mimba: maswali yenu na ile namba ya kwenye kadi

Jamani wiki hii maswali yamekuwa mengi na karibu yote yanazunguka kitu kimoja, presha ya mimba na kifafa cha mimba (pale presha hiyo inapomfanya mama adondoke na kukakamaa). Mi ni mkunga, nimekaa leba miaka mingi, kwaiyo mnivumilie nikiongea sana sehemu nyingine. Naanza na swali lililoingia mwisho maana hili halisubiri.

Swali: Shkamoo mama. Nimejifungua siku 5 zilizopita nikaruhusiwa vizuri tu. Tangu jana kichwa kinaniuma sana na naona nyotanyota, mama mkwe anasema ni uchovu wa kukosa usingizi. Ninywe panadol nilale?

Marahaba mwanangu. Usilale, nenda hospitali sasa hivi. Watu wengi wanajua kondo la nyuma likishatoka basi na presha imeisha, kumbe siku ya 3 mpaka ya 6 baada ya kujifungua ndo presha huwa inapanda zaidi, na kifafa kinaweza kumkuta mtu akiwa kwao analea. Ukifika mapokezi usiseme "kichwa kinauma" ukanyamaza, utawekwa benchi na wenye malaria. Sema nimejifungua juzi, kichwa kinauma, macho yanaona nyota, naomba presha yangu ipimwe. (Huyu nilimjibu pembeni usiku uleule, alienda, walimkuta na 168/112, wamemlaza na ananyonyesha hukohuko wodini.)

Swali: Nina wiki 30, mimba ya kwanza, niko Mbagala. Kliniki wamenikuta na 144/94 na wanataka nirudi kesho kutwa. Mi najisikia mzima, hata miguu haijavimba. Si wananimalizia nauli tu?

Rudi mdogo wangu, tafadhali. Presha haipigi hodi. Namba ya juu ikifika 140 au ya chini ikifika 90 tayari ni presha, na ya juu ikifika 160 au ya chini 110 hiyo ni dharura hata kama unacheka na kupika. Kurudi kwako ni ili waone kama imetulia au inapanda na wapime mkojo kama una protini. Zamani naanza kazi tulikuwa tunapasha mkojo kwenye tyubu juu ya moto wa spiriti, ukiwa na protini unaganda mweupe kama ute wa yai, mama anaona kwa macho yake na habishi tena, siku hizi ni kijiti tu kinabadilika rangi.

Alafu niwaambie kitu ambacho mpaka leo kinaniuma. Kuna mama aliletwa kituo kimoja nilichowahi kufanya kazi akiwa ameshadondoka mara mbili njiani. Nikafungua kadi yake ya kliniki, ziara ya kwanza 118/70, ya pili 130/84, ya tatu 146/96, zimeandikwa vizuri kabisa kwa peni ya bluu. Mume wake nikamuuliza mliambiwa nini siku ile ya 146, akasema hawakuambiwa kitu, walijua kuandikwa ndo kutibiwa. Mama alipona, mtoto hatukumpata. Kwaiyo nawaomba kila mkipimwa ulizeni ni ngapi na wiki ile ilikuwa ngapi, hiyo namba ni yako wewe sio ya nesi.

Na usiogope wakikuanzishia dawa mapema. Utafiti uliochapishwa 2015, wa karibu wanawake elfu moja wa nchi mbalimbali, ulionyesha ukiishika presha vizuri kuliko kuiachia iwe juujuu, wanaofikia presha kali wanapungua, na watoto hawakuonekana kudhurika kwa hilo.

Swali: Wifi yangu hapa Tanga alidondoka akakakamaa na kutoa povu, mimba ya miezi 8. Wazee wakasema ni pepo, tukapoteza masaa matatu tukitafuta mtu wa kumsomea. Amepona ila bado wanasema hospitali walibahatisha tu. Ukweli ni upi?

Ukweli ni kwamba mnashukuru Mungu kwa hayo masaa matatu maana wengine hawayapati. Dua ombeni, mi mwenyewe naomba, lakini ombeni mkiwa kwenye gari.

Kinachotokea ni hivi. Mimba ikiwa changa mishipa ya damu ya kwenye mji wa mimba inatakiwa itanuke ili kondo lipate damu ya kutosha. Kwa baadhi ya wanawake haitanuki vizuri, kondo linabaki na njaa ya damu, na likiwa kwenye shida linamwaga vitu kwenye damu ya mama vinavyoharibu kuta za mishipa mwili mzima, ndo maana figo zinavujisha protini, ini linauma (lile umivu la chini ya chembe ya moyo ambalo watu wanaita vidonda vya tumbo), macho yanaona giza, na ubongo ukishavimba mtu anadondoka. Hajamkosea mtu na hajarogwa. Anayepata zaidi ni mwenye mimba ya kwanza, mapacha, kisukari, figo, presha ya siku zote au aliyewahi kupata kabla.

Na hospitali hawakubahatisha. Kwa miaka mingi madaktari walibishana dawa ipi inazuia kifafa hiki, huku wanatumia valiamu, kule fenitoini, kule magnesiamu salfeti. Mwaka 1995 ukatoka utafiti wa wanawake 1,687 waliokuwa tayari wamedondoka, magnesiamu ikazishinda zote mbili kwa kuzuia wasidondoke tena. Mwaka 2002 ukatoka mwingine unaitwa Magpie, wanawake zaidi ya elfu kumi kwenye nchi 33, hawa walikuwa na presha na protini lakini wengi hawajadondoka. Waliopewa magnesiamu 40 ndo walipata kifafa, waliopewa dripu na sindano zisizo na dawa wakawa 96, tofauti ikawa wazi kiasi kwamba waliusimamisha kabla ya muda. Mi dawa hii naijua kwa mikono. Unampa ya mshipa taratibu, alafu za matako zinauma kweli na mama anakushika mkono, kisha saa nane usiku unarudi na kinyundo unamgonga chini ya goti uone mguu unaruka, unahesabu pumzi zisiwe chini ya 16 kwa dakika, unaangalia mfuko wa mkojo. Mguu usiporuka humpi dozi inayofuata. Hiyo ni kazi ya mtu anayejua anachofanya.

Mtu akidondoka nyumbani mlaze ubavu wa kushoto, msimtie kijiko mdomoni, msimshikilie kwa nguvu, tafuteni usafiri.

Swali: Nilipata kifafa cha mimba ya kwanza, sasa nina wiki 12 tena. Rafiki yangu kaniambia nimeze junia aspirini (aspirini ya dozi ndogo) kila siku. Ni kweli au ni mambo ya mtandaoni?

Ni kweli, na wewe hasa ndo unayehusika, ila iandikwe na kliniki yako maana kuna wasiofaa kuitumia kama wenye vidonda vya tumbo. Utafiti wa Ulaya uliotoka 2017 uliwapa wanawake walio kwenye hatari kubwa miligramu 150 kila usiku kuanzia wiki ya 11 hadi 14 mpaka wiki ya 36, na ile presha mbaya inayolazimisha mtoto azaliwe kabla ya wakati ikapungua kwa asilimia 62. Mwingine wa 2020 ulifanyika Kenya, Kongo, Zambia, India, Pakistan na Guatemala, karibu wanawake elfu kumi na mbili wa mimba ya kwanza, miligramu 81 kwa siku, na waliojifungua njiti wakapungua. Cha muhimu ni kuanza mapema, ukija nayo wiki ya 28 umeshachelewa. Kwaiyo wiki hii hiihii nenda ukawaambie historia yako.

Swali: Kalsiamu nimepewa vidonge vitatu vikubwa kwa siku, vinanikaba. Lazima vyote?

Usijipunguzie mwenyewe, ila mwonyeshe daktari hili. Shirika la Afya Duniani lilikuwa linasema gramu 1.5 hadi 2 kwa siku kwa wanaokula kalsiamu kidogo, ndo hivyo vidonge vitatu. Mwaka 2024 ukatoka utafiti uliofanyika India na hapahapa Dar es Salaam, wanawake elfu kumi na moja kila nchi, wakalinganisha miligramu 500 na 1,500, na kwa presha ya mimba ile dozi ndogo haikuzidiwa. Natamani watu wajue kwamba jibu hili limetoka kwa dada zetu wa Dar waliomeza vidonge na kupimwa miezi yote ile.

Swali: Nikiacha chumvi kabisa itashuka?

Hapana. Presha hii haitoki kwenye chumvi ya mboga, inatoka kwenye kondo. Kula kawaida.

Swali: Natumia losartani, dawa ya presha, miaka miwili na nimegundua nina mimba.

Nenda kesho wakubadilishie. Losartani, kaptopri na enalapri zinaharibu figo za mtoto. Zipo zinazofaa, methildopa, nifedipini, labetaloli. Usiache tu ukakaa bila dawa.

Swali: Niko Kisumu. Kama dawa iko na bei si kubwa, mbona wamama bado wanakufa hivi?

Swali hili linanikosesha usingizi kaka. Mwaka 2023 wanawake kama 260,000 duniani walikufa kwa ujauzito na uzazi, na presha inafuata baada ya kutokwa damu. Wewe wa Kisumu unajua riadha, mkimbiaji wa Marekani Allyson Felix alipata presha hii 2018 akazaa wiki ya 32 na akapona, Tori Bowie bingwa wa dunia wa mita 100 alikufa 2023 nyumbani kwake Marekani na mimba ya miezi 8, na ripoti ya maiti ikataja kifafa kama sababu inayowezekana. Kwaiyo hata nchi tajiri haikingi mtu aliye peke yake.

Kwa nchi kama zetu kuna tafiti zilizofanyika Msumbiji, India na Pakistan, wahudumu wa jamii wakapewa kifaa cha presha na programu ya simu wapite nyumba kwa nyumba. Matokeo ya jumla yaliyotoka 2020 hayakupunguza vifo. Mi nayasoma hivi: kumgundua mama kijijini ni nusu ya kazi, kama barabara haipitiki na kituoni magnesiamu imeisha na hakuna wa kumtoa mtoto, umegundua tu. Dawa ya mwisho ya ugonjwa huu ni kujifungua, na hilo halifanywi na simu. Lakini inawezekana kupunguza, Tanzania tumetoka vifo 556 kwa vizazi hai laki moja kwenye takwimu za 2015-16 mpaka 104 kwenye za 2022.

Swali: Mume wangu amenunua mashine ya presha. Napimaje nisijidanganye?

Kojoa kwanza, kaa kwenye kiti chenye mgongo dakika 5, miguu chini usikunje nne, mkono mtupu juu ya meza usawa wa moyo, usiongee. Mkono ukiwa mnene tafuta kitambaa kikubwa cha kufunga mkononi, kidogo kinakupa namba ya uongo ya juu. Pima mara mbili, andika kwenye daftari tarehe na saa, na hilo daftari likae ndani ya kadi ya kliniki.